Mbeleko Tupu

Mama yangu alikuwa na picha moja tu ya mama yake, na katika picha hiyo mama yake ameinama, uso hauonekani. Wala si picha ya kupigwa. Ni kadi ya posta ya zamani, iliyochorwa kwa mkono kisha ikachapwa kwa rangi, na rangi zenyewe zimebaki kwa kubahatisha: kahawia ya udongo, kijani kilichofifia, buluu kidogo kwenye nguo. Kuna kanisa lenye mnara mfupi. Nyuma ya kanisa kuna kilima chenye nundu mbili, kubwa kushoto na ndogo kulia. Mbele kuna wanawake wanne wenye majembe, wako katikati ya mafungu ya udongo yaliyojipanga mpaka mwisho wa kadi. Mmoja wao, aliye karibu zaidi na mtazamaji, amejifunga mbeleko mgongoni, lakini mbeleko haina mtoto.

"Mbeleko ile ni yangu," mama alikuwa akituambia. "Amenishusha kivulini, alime kidogo."

Mama hakumjua mama yake. Alilelewa na masista kwenye nyumba ya yatima, akiwa amefikishwa pale mchanga kabisa, hajaota hata jino. Siku anaondoka kwenda kuolewa, sista mmoja mzungu, mzee tayari, akampa kadi ile na kumwambia, "Mama yako yumo humu." Hakuongeza neno. Mama naye, kwa malezi aliyopewa, hakuuliza, maana wasichana wa masista walifundishwa kushukuru. Akaenda nayo kwa mume, akaitazama weee, akachagua. Kati ya wanawake wanne alimchagua mwenye mbeleko tupu, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia vinginevyo.

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, alikuwa akiiambia kadi, "Shikamoo mama." Nilipokuwa mdogo nilidhani kila nyumba ina kadi yake ya kuamkiwa. Nilikwenda kucheza kwa jirani nikauliza yao iko wapi, wakanicheka hadi nikalia. Hasira zangu zilianza mapema.

Sasa, mwaka huu, baada ya Krismasi, mama alianguka uani kwangu Milanzi, mjini Sumbawanga, na hakusimama tena vizuri. Hospitali walisema maneno mengi ambayo yote yalikuwa na maana moja. Tukarudi naye nyumbani. Kaka zangu wawili wakaja kutoka Kasense, ambako tuna shamba na ambako baba amelala, wakakaa kitandani kwake na nyuso zao za msibani, mama akiwa hai anawatazama. Akawaambia wazi:

"Mimi msinizike Kasense. Nipelekeni alipo mama."

"Wapi huko, mama?" akauliza kaka mkubwa.

Akaonyesha kadi. "Hapo. Alipolima ndipo alipozikwa. Mimi sikulala na mama yangu hata usiku mmoja ninaoukumbuka. Nikalale naye sasa."

Kaka zangu wakanitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyeichora. Nikatoka nje nikaipiga teke ndoo ya maji, ikamwagika yote, nikaenda kuchota upya. Hayo ndiyo maombi aliyoniachia. Niliapa kwamba nitapapata, na niliapa kwa sauti, mbele ya watu, kwa hiyo hapakuwa na kurudi nyuma.

Nilianza kwa ujinga wa siku hizi. Niliipiga kadi picha kwa simu nikaituma kwenye kundi la wanakwaya na kundi la wauza vitenge wenzangu wa Majengo. Majibu yakaja mengi kuliko nilivyotaka. Mmoja aliandika kwamba ni kanisa la kijijini kwao kabisa. Mwingine akaandika hivyo hivyo, na kijiji chake kiko upande mwingine wa nyanda. Kijana mmoja aliyepanga duka la simu karibu nami akaniuliza, "Aunti, hii si imetengenezwa na kompyuta?" Nilitaka kumtandika na kadi yenyewe.

Lakini kitu kimoja wote walikubaliana, vijana kwa wazee: wanawake wale wanapiga ntumba. Huko kwetu, mvua zikielekea kuisha, watu hulima majani na kuyafukia ndani ya mafungu ya udongo yaoze, fungu baada ya fungu, shamba zima. Hayo mafungu ndiyo ntumba. Unapanda maharage juu yake, na msimu ukigeuka unayasambaza na kumwaga ulezi. Hakuna mtoto wa Ufipa asiyejua. Mfipa akiona udongo umeinuliwa, macho yake yanaona ulezi wa mwaka unaokuja. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta shamba, na mashamba Ufipa ni kama mbu.

Nyuma ya kadi hapakuwa na stempu wala salamu. Palikuwa na mstari mmoja uliochapwa kwa herufi zile za kizamani zenye mikia, na neno pekee nililoweza kusoma lilikuwa Ufipa. Nikaipeleka kwa padri mmoja mstaafu, mzee wa miaka mingi, ambaye watu walisema alisoma Kijerumani ujanani. Nikamkuta anaota jua nyuma ya nyumba, amejifunika blanketi, maana upepo ulikuwa umeanza.

"Shikamoo padri."

"Marahaba mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Anasubiri hii," nikasema, nikampa kadi.

Akaisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali, akaomba miwani mingine. Akasoma polepole, kidole chini ya herufi. "Neno la kwanza ni refu, lakini ni maneno mawili yameunganishwa. Wajerumani ndivyo walivyo. La mbele ni Mungu. La nyuma ni shamba. Shamba la Mungu, katika Ufipa." Akatabasamu. "Ni shamba la misheni, mwanangu. Zamani wakristo walikuwa wanalima mashamba ya misheni kwa zamu. Hizi kadi walizichapa kwao Ulaya, waumini wa huko wanunue, waone kazi inavyokwenda. Tafuta misheni ya zamani yenye kilima cha namna hii, uulizie shamba lake."

Nilimbusu mkono. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. "Kumbe alikuwa anamlimia Mungu," akasema. "Ndiyo maana aliniacha kwa masista."

Basi nikafunga duka na kuanza kuzunguka na bodaboda. Sitaeleza kila misheni. Ufipa ukiiona kwa mbali ni majani na upepo, ukidhani utaona kila kitu, halafu unafika na kitu hakipo. Kwingine kanisa lilikuwa la zamani lakini kilima hakuna. Kwingine kilima kipo lakini kina nundu moja. Kwingine katekista alinizungusha mashamba yote ya parokia, matope mpaka magotini, kisha akaniuliza kama nina ndugu anayetaka kununua kiwanja. Nilikuwa narudi jioni nimevimba macho kwa vumbi na baridi, na mama ananiuliza jambo lile lile kabla hata sijavua koti: "Umepaona?" Na kila nilivyorudi, uso wake ulikuwa umepungua. Uji wa ulezi alikuwa anameza kijiko, anakataa kijiko.

Niliogopa. Niseme kweli, sikuogopa kifo chake, nilikwisha kukiona kinakuja. Niliogopa afe nikiwa juu ya pikipiki kwenye kijiji cha watu, nikibishana juu ya kilima.

Kaka mkubwa akaniambia nimtunze mama niache kufukuza kadi. Nikamwambia amtunze yeye, mimi nina safari. Kesho yake alimleta mkewe akae na mama. Kwa hilo namshukuru, ingawa sijamwambia.

Kilima nilikipata nikiwa nimekata tamaa kabisa, nikiwa nimegeukia upande wa kushoto wa barabara kujikinga na upepo. Nundu mbili. Nikampiga dereva begani mpaka nusura atuangushe. Kanisa la sasa lilikuwa jipya, la bati, lakini pembeni yake palikuwa na ukuta wa zamani umebaki nusu, na mwanzo wa mnara mfupi. Nikaulizia shamba la misheni la zamani, wazee wakanielekeza bila kusita: lile kule bondeni, karibu na kijito, siku hizi wamegawana wanaparokia.

Nikashuka. Lilikuwa shamba zuri, na wanawake walikuwemo wanapiga ntumba. Nilisimama nikaanza kulia kwa furaha. Kisha nikatoa kadi nikainua mbele ya kilima, na kilio kikanikauka. Nundu kubwa ilikuwa kulia. Kwenye kadi iko kushoto.

Mtu mwingine angesema mchoraji alikosea. Kwa mama yangu sikuweza kuleta kitu cha kukosea. Nikaanza kutembea kukizunguka kilima, kadi mkononi, natazama nundu zikisogeleana, zikawa moja, zikaanza kuachana tena. Nilipita nje ya mashamba, nikapita penye majani marefu, hata zikakaa sawa: kubwa kushoto, ndogo kulia, na ule ukuta wa kanisa katikati. Nilipotazama chini nilikuwa nimesimama kwenye mahindi. Hapakuwa na ntumba. Mahindi yalikuwa yamepandwa kwa mistari iliyonyooka, ya plau ya ng'ombe, na ng'ambo yake kulikuwa na boma la mifugo na nyumba ya wafugaji waliokuja kutoka upande wa Ziwa Viktoria.

Mama mwenye nyumba alitoka kunilaki. Alikuwa rika langu, Msukuma, mrefu. Mumewe alikuwa ameteremka na ng'ombe bonde la Rukwa. Akanipa kigoda na bakuli la maziwa mgando kabla ya kuniuliza natoka wapi. Nikamweleza kwamba namtafutia mama yangu shamba alilolima mama yake, nikampa kadi.

Aliitazama muda mrefu. Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pole sana, dada," akasema. "Walikuwa wengi hivi? Ni ugonjwa gani?"

Sikumwelewa. "Ugonjwa gani tena?"

"Haya makaburi."

Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba si makaburi, ni ntumba, ndivyo tunavyolima sisi. Hakubisha. Akasema tu kwamba yeye hajui kilimo chetu, kwao hulima matuta marefu, ila anajua kaburi. Akaweka kidole. "Ntumba zenu nimeziona hapo bondeni, ni za mviringo. Hizi ni ndefu. Zote zimelala upande mmoja. Na huyu hapa, tazama, kuna msalaba mdogo."

Nilikuwa nimeitazama kadi ile maisha yangu yote. Kila fungu lilikuwa na urefu wa mtu. Msalaba ulikuwa pale, mstari mmoja umekatiza mwingine, na sisi sote tuliuona tukasema ni kijiti cha mharage.

Nikampigia padri simu, nikiwa nimepanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Sikumsalimu. "Padri, Wajerumani makaburi wanayaitaje?"

Akataja neno moja. Nikamuuliza kama hawana jingine, la zamani. Nikasikia upepo tu, wa kwake au wa kwangu. "Mungu wangu," akasema. "Shamba la Mungu. Ndilo hilo hilo. Wanapozika wanasema wamempandia Mungu. Nisamehe mwanangu, mimi ni Mfipa, nimeona majembe." Nikamwambia sote ni Wafipa. Nikakata simu.

Mama yako yumo humu. Sista yule hakusema yupo hapo kwenye picha, anayelima. Alisema yumo, ndani, chini ya udongo. Alikuwa anampa msichana yatima kadi ya makaburi alimozikwa mama yake, basi, kitu pekee alichokuwa nacho, kadi ya enzi za Wajerumani, ya zamani kuliko hata kifo chenyewe. Na mama akachagua mmojawapo wa waliokuwa wanazika.

Nilipowaza hivyo nilikaa chini juu ya mahindi ya watu. Mwenyeji wangu akaja akakaa nami, naye rangi imemtoka, maana alikuwa na msiba wake. Eneo lile walipewa wao wageni kwa sababu lilikuwa pori, hakuna aliyelitaka, na hakuna aliyewaambia sababu. Mwaka wa kwanza plau ilitoa shanga, watoto wake wakachezea.

"Tumelima juu ya watu," akasema. "Tumekula."

Nikamweleza anachotaka mama yangu. Hakufikiri hata kidogo. "Mlete," akasema. "Tutaacha kipande hiki chote, haitapita plau. Mume wangu nitamwambia mimi. Mlete mama yako."

Kwa hiyo nilikuwa nimepata. Nilirudi Sumbawanga na kila kitu nilichoapa kukileta: mahali, kibali, na mtu wa kutupokea. Njia nzima nilikuwa najifunza la kusema. Ningesema nimepaona, ni pazuri, kuna watu wema. Sikuwa na haja ya kusema zaidi.

Mama alikuwa ameinuliwa kwa mito. Macho yalikuwa yameanza kumwacha. "Umepaona?"

"Nimepaona, mama."

Alishika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Wanalima bado?"

"Wanalima."

"Ntumba zipo?"

Hapo nilishindwa. Ningeweza kusema ndiyo, neno fupi tu, lakini alikuwa ananitazama na macho yale yasiyoona, na mimi sikuwahi kuweza kumdanganya mama yangu akinishika mkono. Nikamweleza. Nilimweleza yote, shamba la Mungu, mafungu marefu, msalaba, neno la sista. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaomba kadi. Hakuiona, lakini kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwa mwanamke mwenye mbeleko.

"Basi huyu ni nani?"

"Sijui, mama. Mmoja wa waliokuwa wanazika."

"Na mama yangu yuko wapi?"

Nikachukua kidole chake nikakisogeza, nikakiweka juu ya udongo. Akakaa nacho pale kidogo. Kisha akakitoa, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Huyo simjui," akasema. "Mimi huyu ndiye niliyemwamkia. Mumeo alipokuacha nilimweleza huyu. Baba yenu alipokufa, nilimweleza huyu." Alikuwa analia bila sauti. "Unataka mnizike na mtu nisiyemjua?"

Nikasema alitaka mwenyewe. Nilikuwa nalia na nimekasirika pia, na sijui nilimkasirikia nani. Nimezunguka Ufipa yote, nikasema. Mama hakunisikia. Alikuwa amerudisha kidole mahali pake, kwenye ile nguo ya buluu.

"Katafute huyu," akasema. "Uniambie yeye amelala wapi."

Nikamwambia nitakwenda. Akaniuliza lini. Nikasema kesho. Akaniambia niamke mapema na nisisahau koti, kule juu kuna baridi.

Sikwenda. Ningekwenda wapi? Mwanamke ambaye mzungu mmoja alimchora akiwa ameinama, kabla mama hajazaliwa, hana jina, hana uso, na pengine hakuwahi kuwepo, mchoraji alijazia tu. Nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda usiku ukaisha, wifi yangu akaja na uji, mama akaukataa wote. Alilala mchana kutwa. Aliposhtuka, jua lilikuwa limeingia dirishani, akapapasa akaishika nguo yangu. Nilikuwa nimevaa koti kwa sababu ya baridi ya chumbani. Akaligusa koti, akadhani nimekwisha kwenda na kurudi.

"Umempata?"

"Nimempata," nikasema.

"Amelala wapi?"

Kaka zangu walikuwa mlangoni, wote wawili. "Kasense," nikasema. "Pale pale karibu na baba. Kaburi lake lipo, limeandikwa."

Mama alifumba macho. Nikaona uso wake ukilegea, ule uso niliouona ukipungua kila jioni.

"Kasense!" akasema. "Kumbe miaka yote alikuwa karibu hivyo, na mimi siendi kumwona."

"Tutakupeleka, mama," akasema kaka mkubwa.